Kuonyeshwa Nyumba Yangu kwa Shilingi Mia Tano

Jumamosi iliyopita broka mmoja wa Olympic, huko Kibera, alinitoza Sh500 ili anionyeshe nyumba yangu mwenyewe. Nilizituma kwa simu nikiwa nimesimama pale steji, makanga wakinipigia kelele masikioni. Naye akaupokea ujumbe, akausoma herufi kwa herufi, akaitia simu mfukoni na kusema, "Sawa, bosi. Sasa tunaweza kutembea." Tukatembea. Hiyo mia tano haijarudi hadi naandika haya, na kila nikipita Olympic kuna kijana wa bodaboda anayenisalimia, "Mgeni, umepata nyumba?"

Mimi nilikuwa muuzaji, hilo lieleweke mapema. Nina ploti ya vyumba kumi huko Gatwekera: mabati juu, fito na udongo pembeni, simiti chini, choo kimoja. Nilikuwa nimeamua kuiuza kwa Sh900,000. Habari hiyo nilimpa msimamizi wa ploti, akaniambia nitulie, yeye ataifikisha "kwa watu". Watu wakaipokea, wakanyamaza. Anayeuza kitu bila kujua jirani anauza chake kwa ngapi hapati usingizi, kwa hiyo nikaingia sokoni kwa sura ya mnunuzi, niulizeulize, nijue kama laki tisa yangu ni ghali au ni ya kutupa. Namba ya broka niliipata kwenye mlingoti wa stima, imepakwa kwa rangi nyekundu chini ya tangazo la mganga anayerudisha wapenzi waliotoroka: PLOTI KIBERA NA KAWANGWARE, BEI NI MAELEWANO.

Kutoka steji ya Olympic hadi kwangu ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma. Siku hiyo ningemaliza debe. Tulivuka reli, tukakata kushoto, tukapanda, tukateremka, tukavuka mtaro juu ya ubao mmoja uliokuwa na mawazo yake, tukapita nyuma ya kanisa lililokuwa likifanya mazoezi ya kwaya, tukapita ukumbi wa video ambamo watu walikuwa wakipigwa risasi kwa Kichina, kisha tukavuka tena reli, ile ile, tukirudi tulikotoka. Nikadhani jamaa amepotea. Broka hapotei.

Hofu kuu ya broka wa Kibera ni kurukwa. Kurukwa ni hivi: unamwonyesha mtu nyumba leo, kesho anarudi peke yake, anamtafuta mwenyewe, wanaelewana, wewe unasikia habari zikiwa zimeshapoa. Huna mkataba. Huna wakili. Huna mahakama itakayokusikiliza ukisema fulani amekuruka. Mali yako yote duniani ni kwamba wewe unajua mlango ulipo na mwenzako hajui. Na kwa kuwa huku milango haina namba wala vichochoro havina majina kwenye kibao, ujuzi huo una thamani mradi tu usivuje. Kwa hiyo broka mwenye akili anakuzungusha. Anakupitisha njia ambayo hata ukipewa mbwa wa polisi hutaweza kuirudia. Ukifika umechoka, umechanganyikiwa, hujui Kianda iko wapi wala Laini Saba iko wapi, na unamtegemea yeye hata kwa kutoka.

Hiyo ni kinga ya kwanza. Kinga ya pili ni kutotaja jina la mwenye nyumba. Ya tatu ni kumtambulisha mnunuzi kwa wapangaji kuwa mtu mwingine kabisa: leo ni binamu kutoka ushago, kesho ni fundi wa paa, keshokutwa ni mtu wa shirika aliyekuja kuhesabu watoto wa chini ya miaka mitano. Na ya nne ni ile mia tano. Wengi tunaipigia kelele, lakini fikiria. Watu kumi wakionyeshwa, tisa walikuja kupunga upepo. Mia tano inamchuja aliye na haja na inalipia soli za viatu. Hakuna chuo kilichowafundisha hawa vijana haya mambo. Wameyatunga wenyewe, kwa miguu, na yanafanya kazi vizuri kuliko mipango mingi niliyowahi kusomewa kwenye warsha.

Njiani alinipa historia ya mali. "Mwenyewe ni mzee mmoja mgumu sana," alisema bila kugeuka. "Anakaa huko Kawangware. Hataki kuona watu. Ukimpigia simu anakutukana."

Mimi nakaa Kawangware. Nikamwambia wazee wa Kawangware nawajua, wako hivyo.

"Lakini akiniona mimi analegea. Jana tu tumekunywa chai."

"Na anataka ngapi?"

"Milioni moja na laki tatu. Mwisho. Hashuki hata soo."

Tukaingia kwenye korido nyembamba kati ya kuta mbili za mabati, tukatembea kiubavu, tukatokea mahali penye pipa la buluu na kamba ya nguo. Na pale ukutani niliona kipande cha bati nilichokipigilia kwa mikono yangu, kimekatwa kutoka bango la uchaguzi, ile nusu ya uso wa mheshimiwa bado inatabasamu. Ningepita mlango wa mbele ningeijua toka mbali. Huku nyuma sijawahi kukanyaga kwa sababu ndiko choo kinakopumulia.

Nilinyamaza. Muuzaji yeyote angenyamaza. Ni mara ngapi mtu anapata nafasi ya kusikia mali yake ikisifiwa na asiyejua ni yake?

Na alisifu. "Hii ni ploti safi, bosi. Maji iko hapo karibu. Stima iko." Stima yenyewe ni ya sambaza, inapita juu ya paa kwa waya ambao ningependa usijadiliwe. "Wapangaji hawana stori mingi. Rent inaingia kabla ya tarehe tano." Hapo nilitaka kumkatiza, nimwombe anionyeshe huo mwezi wa tarehe tano kwenye kalenda, maana mimi sijawahi kuuona.

Ndipo mtoto mmoja akatokea, akanitazama, akaachia sufuria na kukimbia akipaaza sauti: "Landlodi! Landlodi amekuja!"

Milango miwili ikafungwa kwa ndani. Redio ikazimwa. Chumba cha saba kikageuka ghafla kuwa chumba kisicho na mtu tangu uhuru.

"Unaona nidhamu?" broka akasema. "Mgeni akiingia, wanatulia."

Mama wa chumba cha tatu akatoka akijipangusa mikono kwenye leso, akanyoosha noti zilizokunjwa. "Shikamoo landlodi. Shika hii elfu moja mia tano, hiyo ingine mwisho wa mwezi, naomba tu unisaidie." Nikazipokea. Ningefanya nini? Deni ni deni, hata mbele ya broka.

Yule jamaa alizitazama zile noti, akanitazama mimi, na nikaona akili yake ikipiga hesabu kwa kasi ya ajabu. Kisha akatabasamu. "Umeona, bosi? Hata hujanunua na tayari unalipwa."

"Si huyu ndiye mwenyewe?" mama wa chumba cha tatu akauliza, kwa huruma, akimwangalia broka wala si mimi.

Mtu wa kawaida angetafuta korido. Huyu alivuta mtungi wa lita ishirini, akaugeuza, akaukalia. "Basi afadhali," akasema. "Kati yetu walikuwa watu wengi. Sasa mzee wangu tuongee sisi wawili." Nikaomba mia tano yangu. Akatikisa kichwa kwa upole wa mwalimu. "Uliomba kuonyeshwa?" Niliomba. "Umeonyeshwa?" Nimeonyeshwa. "Hiyo njia ya nyuma ulikuwa unaijua?" Sikuwa naijua. Alinyoosha viganja viwili hewani. Kesi ikaisha hapo, mbele ya wapangaji wangu, ambao sasa walikuwa wamefungua milango yote ili wasikie vizuri. Hata chumba cha saba.

Lakini alikuwa na uungwana wa kunieleza laki nne zangu zilikuwa zinakwenda wapi, na nakiri kwamba kwa muda wa hayo maelezo nilisahau hasira. Kitu chenyewe kila Mkenya anakijua: cha juu. Mimi nilisema laki tisa. Msimamizi wangu, niliyemsamehe kodi ya chumba chake ili anitunzie mali, aliweka hamsini elfu na kumpelekea shemeji yake bei ya laki tisa na nusu. Shemeji ana kibanda cha kuchaji simu, akaweka laki moja. Ikafika kwa muuza maji, ambaye kazi yake ni kupita kila ploti na mkokoteni, kwa hivyo anajua kila anayehama na kila aliyepata pesa, akaweka hamsini. Muuza maji akaifikisha Olympic ikiwa milioni moja na laki moja, na jamaa yangu wa mlingotini akaongeza laki mbili kwa sababu yeye ndiye hutembea. Watu wanne, hakuna aliyeiba kwa macho yake mwenyewe. Kila mmoja ameongeza tu, na kila mmoja aliichukulia bei aliyoipokea kana kwamba ndiyo ya mwenye nyumba. Jumla Sh400,000, yaani karibu asilimia 44 ya ile bei niliyoitaka mimi.

Linganisha na ajenti wa ofisini, yule wa tai na kadi. Huyo kwa kawaida Nairobi anataka karibu asilimia 3 ya bei ya mauzo. Kwa laki tisa yangu hiyo ni Sh27,000. Watu wanaouza maghorofa Kileleshwa hulalamika juu ya hiyo asilimia 3, wanaandika barua magazetini wakiuliza kama inafaa kulipwa. Ningependa waje wakae kidogo juu ya ule mtungi.

Hata hivyo asilimia ina ugonjwa wake. Ukiwa unalipwa asilimia 3, mteja akiongeza laki moja kwenye bei, wewe unapata Sh3,000. Kwa elfu tatu utasubiri wiki mbili zaidi? Utabishana? Utasema, "Chukua hii bei, mzee, soko limelala," na kwenda zako kwa mteja mwingine. Wanauchumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha mwaka 2008 utafiti wa karibu nyumba 100,000 zilizouzwa eneo la Chicago, wakagundua kwamba maajenti wakiuza nyumba zao wenyewe huziacha sokoni siku tisa na nusu zaidi, na hupata bei iliyo juu kwa asilimia 3.7 kuliko wanapouza za wateja. Uvumilivu wanao. Wanauweka nyumbani kwao. Na kwa Wamarekani kamisheni ilikuwa asilimia 5 hadi 6, hadi kesi zikafunguliwa, na mwaka 2024 chama chao cha maajenti kikakubali kulipa dola milioni 418 ili yaishe.

Sasa mtazame broka wa cha juu. Huyu kila shilingi anayoikamua juu ya bei yangu ni yake, yote, taslimu. Hakuna mtu duniani mwenye sababu nzuri zaidi ya kupigania bei. Hachoki, haogopi mvua, hasemi soko limelala. Levitt na Syverson wangemkumbatia: ugonjwa waliougundua Chicago ameutibu kabisa hapa Gatwekera. Tatizo ni kwamba anampigania mtu mmoja tu, na mtu huyo si mimi wala si mnunuzi.

Nikamwambia: tufanye kiungwana. Nakupa asilimia 5, Sh45,000, tunaandika kwenye fulskepu, wewe peke yako, hakuna shemeji hakuna muuza maji. Sharti langu ni moja. Siku ya kukutana na mnunuzi, bei itatajwa kwa sauti mbele yetu sote.

Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyekosewa adabu. "Mzee wangu, ukimwambia mnunuzi bei ya ukweli, mimi nitakuwa nauza nini?"

Nimelifikiria hilo swali wiki nzima na bado linanikera kwa sababu lina jibu. Huku broka anauza kitu kikubwa kuliko vyumba kumi. Mimi, tuseme ukweli, siuzi ardhi. Ardhi ya Kibera, isipokuwa kipande kimoja, ni ya serikali. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakoloni waliwaweka hapa askari wa Kinubi wa King's African Rifles, wakawaachia wakae bila kuwapa hati, na wajukuu wao wakasubiri hadi mwaka 2017 ndipo jamii yao ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Sisi wengine wote tulio nje ya hizo ekari tunauziana mabati, nguzo, na haki ya kugonga mlango mwisho wa mwezi. Hakuna daftari la serikali linalosema vyumba hivi ni vyangu. Kinachosema ni vyangu ni mama wa chumba cha tatu, wazee wa kijiji, fundi aliyechimba choo, na karatasi yenye mihuri na dole gumba. Mnunuzi akitaka kujua kama namuuzia kilicho changu, hana ofisi ya kwenda. Anamwendea mtu anayewajua watu. Huyo mtu ndiye ofisi ya ardhi. Ana masijala kichwani, anahifadhi kumbukumbu za nani alinunua kwa nani na nani anagombana na shangazi yake, na hafungi saa kumi.

Kazi ya namna hiyo inastahili malipo, na ningelipa bila kununa. Shida yangu ni kwamba bei ya kazi yake imefichwa ndani ya bei ya nyumba yangu, mahali ambapo mimi siioni na mnunuzi haioni.

Sheria ya kulizuia hilo ipo. Sheria ya Maajenti wa Nyumba ilipitishwa mwaka 1984, ikaunda bodi ya kuwasajili, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Jumatatu nilipiga simu kwenye ofisi moja ya maajenti waliosajiliwa. Binti aliyepokea alikuwa na sauti tamu. Akaniuliza namba ya hati miliki. Nikamwambia hakuna hati, ni Kibera. Akanyamaza kidogo, akauliza kama nina mali nyingine. Nikamwambia hapana. Akanishukuru kwa kupiga simu.

Simlaumu. Hata angetaka kuja, asilimia 3 ya mabati yangu isingelipia mafuta na muda wa gari lao kukwama Karanja Road. Lakini tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Mwenye ghorofa ya milioni kumi na tano anapata ajenti mwenye leseni, wakili, risiti, bodi ya kushtakia, na anatozwa asilimia 3. Mwenye vyumba vya udongo hapati hata kimoja kati ya hivyo na anakatwa 44. Ukimwambia mtu wa serikali atakwambia ile si nyumba, ni kibanda kisicho rasmi. Ila tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yalipokuja kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, takriban watu 30,000 walipoteza makao kwenye hivyo vibanda visivyo rasmi, na njaa na baridi iliyofuata ilikuwa rasmi kabisa. Sijasikia broka aliyerudisha cha juu siku hiyo. Yeye alikuwa ameshakula. Hatari ilibaki kwa aliyenunua.

Na tusijifanye tabia hii ni ya mabroka wa mlingotini peke yao. Kwa miaka mingi tuliambiwa Kibera ina watu milioni moja. Mashirika yaliandika, wageni wakaja kupiga picha, pesa zikachangwa. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu ikapata watu 170,070. Kibera yenyewe iliwekewa cha juu, na waliokiweka walikuwa na magari na vitambulisho vya shingoni.

Kuhusu Kawangware sitasema mengi, maana huko mambo ni ya kawaida na ya kuchosha. Palikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti kabla ya mji kuyafikia, kwa hiyo sehemu kubwa ina wenyewe wenye hati, na hati inaweza kupekuliwa kwa ada ndogo. Ukinunua, serikali inataka ushuru wa stempu wa asilimia 4. Ukiuza, tangu Januari 2023 inataka asilimia 15 ya faida yako, kutoka 5 ya zamani. Wakili naye yupo. Kila mmoja anakukata mchana kweupe na kukupa karatasi. Broka wa pale kituo cha 46 anabaki kuuza miguu yake tu, na bado ataweka cha juu kwa sababu ya mazoea. Mmoja alinipeleka kuona ploti ya robo ekari iliyokuwa na ng'ombe, kanisa na kesi.

Nimejaribu pia kuuza bila broka. Niliandika kwa chokaa ukutani INAUZWA, HAKUNA BROKA, na waliopiga simu wote walikuwa mabroka. Mchungaji alikuja akaitaka kwa sadaka. Jamaa mwingine aliitaka kwa awamu, ya kwanza ikiwa mbuzi.

Kuna hesabu moja niliyoifanya nikiwa naudhika, na sasa nimeudhika zaidi. Vyumba kumi, kila kimoja Sh3,000, ni Sh30,000 kwa mwezi wapangaji wakilipa wote, jambo ambalo halijatokea. Kwa laki tisa, mnunuzi anarudisha pesa yake kwa miezi thelathini. Kwa milioni moja na laki tatu, ni miezi arobaini na tatu na ushei. Hatasubiri. Atafanya kile ambacho kila landlodi mpya hufanya: ataongeza kodi. Akiongeza Sh500 kwa kila chumba, ni Sh5,000 kwa mwezi, na kuzirudisha zile laki nne za mabroka itachukua miezi themanini. Miaka sita na miezi minane. Mama wa chumba cha tatu, ambaye anauza mandazi alfajiri na kufua nguo za watu Kilimani mchana, ambaye hata hiyo elfu tatu anailipa vipande viwili, atakuwa akilipa mia tano kila mwezi kwa miaka sita na miezi minane kwa sababu msimamizi alimwambia shemeji, shemeji akamwambia muuza maji. Hakuna aliyemwonyesha chochote. Yeye nyumba anaijua, anaifagia. Yeye ndiye bidhaa yenyewe: "wapangaji hawana stori mingi". Anauzwa na kamisheni anailipa yeye.

Ukiniuliza basi kama dalali anafaa kulipwa, jibu langu ni ndiyo, na nitamlipa vizuri kuliko wanavyolipwa wale wa tai. Asilimia 5, hata 6, kwa mtu mmoja, kwa kazi ya kutembea, kujua na kushuhudia, ikiwa imetajwa kwa mdomo mbele ya wote. Kwa kinachofichwa, sitoi hata ya soda. Msimamizi nimemwambia aanze kulipa kodi ya chumba chake, amenuna. Broka wa mlingotini amenipigia simu kusema ana mnunuzi wa uhakika, mtu wa heshima kutoka Rongai, ila nisizungumze naye moja kwa moja kwa sababu ana presha.

Kwa hiyo nawatangazia wenyewe, bure. Ploti iko Gatwekera, vyumba kumi, choo kimoja, wapangaji wenye stori nyingi sana na kodi ya vipande. Pitieni mlango wa mbele. Bei ni laki tisa. Ukitajiwa zaidi ya hapo, hizo si zangu, na kabla hujazitoa muulize mama wa chumba cha tatu kama yuko tayari kukurudishia.